Kikao cha majivu: mwongozo kamili wa kukaa na kikosi baada ya moto kichaa ili watu waseme ukweli

Kila kiangazi napigiwa simu zile zile. Kiongozi wa kikosi anasema kaka, tumekaa kikao baada ya moto kama ulivyotuelekeza, lakini hakuna aliyeongea, mmoja kashukuru uongozi, mwingine kaomba gambuti, mwenyekiti kafunga kwa dua tukatawanyika. Wiki mbili baadae moto mwingine, korongo lile lile, kosa lile lile, safari hii kijana kaungua mkono.

Tatizo sio kwamba watu wenu hawaujui moto. Wanaujua kuliko anayewaongoza mara nyingi. Tatizo ni kwamba wanachokijua kinabaki kwenye gari wakati wa kurudi, ndo kule wanacheka na kusema "leo tungekufa bwana", afu mbele ya afande wanasema kila kitu kilikuwa safi.

Na kuna methali moja inatumaliza: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nzuri kwenye ugomvi wa ndugu. Kwenye moto wa msitu yaliyopita ni ndwele kabisa, na usipoyaganga yanarudi msimu ujao na miguu yake.

Huu mwongozo ni kwa askari wa uhifadhi, wasimamizi wa mashamba ya miti, kamati za maliasili za vijiji, na yeyote anayepeleka watu kwenye moto na ana jukumu la kuwarudisha nyumbani. Fuata hatua kwa mpangilio, maana wengi wanarukia hatua ya 5 halafu wanashangaa watu kukaa kimya.

## Andaa hivi kwanza

- Kaunta buku moja ya kikosi, sio ya ofisi, na kalamu mbili (moja itapotea).
- Fimbo, mawe na majani ya kuchorea ramani chini kwenye udongo.
- Maji na chakula. Nasema serious, hiki ni kifaa cha kikao kama vifaa vingine.
- Simu zenye picha zilizopigwa siku hiyo, kwa sababu picha ina saa na kumbukumbu ya mtu aliyechoka haina.
- Orodha ya wote waliokuwepo, hadi dereva na mama aliyeleta uji.
- Mwendeshaji wa kikao ambaye SIYE aliyeongoza kuzima moto. Mtoe kundi jingine, au kijiji cha jirani, au mwalimu wa shule kama anajua kusikiliza.
- Dakika 30 mpaka 40. Zaidi ya hapo watu wanaanza kukubali chochote ili waende nyumbani.

Kama kuna posho, ilipwe kabla ya kikao au siku nyingine kabisa. Posho ikisubiri mwisho wa kikao, kila mtu atasema kile anachodhani anayeshika bahasha anataka kusikia.

## Hatua ya 1: Malizana na wakubwa kabla msimu haujaanza

Hii inafanyika mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado kijani, sio siku ya moto.

Nenda kwa anayekusimamia, awe mkuu wa kanda, meneja wa shamba au mwenyekiti wa kijiji, na mkubaliane kitu kimoja: kikao cha kujifunza na kikao cha nidhamu ni vitu viwili, vina watu tofauti, siku tofauti na daftari tofauti. Kinachosemwa kwenye majivu hakiendi kwenye faili la mtu.

Atakuuliza, kwa hiyo watu wafanye wanachotaka? Hapo mwelezee makundi matatu.

Kuna mtu aliyepitiwa. Hakusikia simu ya upepo, alisahau kujaza pampu ya mgongoni, alidhani mwenzake kabaki nyuma kulinda. Huyu ukimuadhibu hujapata kitu, kesho atapitiwa mwingine, kwa hiyo rekebisha mazingira.

Kuna njia ya mkato ambayo imeshakuwa mazoea. Wote wanavaa kandambili kwa sababu mabuti yaliyotolewa ni saba na watu ni kumi na tisa. Hapa unauliza ni nini kinafanya njia mbaya iwe rahisi kuliko nzuri, na mara nyingi jibu liko stoo au kwenye bajeti, sio kwa huyo mwenye kandambili.

Halafu kuna anayejua na kudharau. Kaja amelewa, au kawasha moto mwingine makusudi ili apate kibarua cha kuzima. Huyo aende kwenye nidhamu moja kwa moja, na wala asijadiliwe kwenye kikao chenu. Kwa miaka niliyokaa kwenye hii kazi hawa niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, lakini utaratibu mzima wa ofisi nyingi umejengwa kana kwamba kila mtu ni wao.

Onyo: usiahidi kinga ambayo huna. Mtu akifa au akiumia vibaya polisi watakuja na sheria itafuata mkondo wake, na wewe huwezi kuizuia. Waambie watu wazi wazi tangu mwanzo. Na siku ya aina hiyo kikao hakifanyiki, siku hiyo ni ya majeruhi, familia na kuhakikisha hakuna kijana anayelala peke yake akitazama dari.

Utajua umefanikiwa: mkubwa mwenyewe amesimama mbele ya kikosi na kusema haya kwa mdomo wake. Barua haitoshi, barua kila mtu ameshaiona.

## Hatua ya 2: Hesabu watu, wape chakula, halafu kaeni papo hapo

Moto umelala, visiki vinavyofuka vimefukiwa, mlinzi wa usiku kapangwa. Hesabu watu kwa majina. Wale. Wanywe maji ya kutosha. Halafu kaeni hapo hapo pembeni ya eneo lililoungua, sehemu salama, kabla gari halijawashwa.

Kwa nini papo hapo? Kwa sababu ukisubiri Jumatatu ofisini, kila mtu atakuwa ameshatengeneza hadithi yake, na hadithi ya mwenye cheo ndo itakuwa hadithi rasmi. Eneo lenyewe pia linasaidia. Mtu ananyoosha kidole, "sisi tulikuwa pale kwenye mti ule", na hakuna ubishi.

Kama watu wamekesha usiku mzima na macho mekundu, wape walale, kaeni kesho asubuhi. Mtu mwenye usingizi atakubali kila unachosema.

Wote waliokuwepo wakae. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulizimwa na mamia ya watu waliochanganyika: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi, wanakijiji. Kwenye moto wa namna hiyo ukiita askari peke yao umepoteza nusu ya picha, maana mwanakijiji ndo alijua njia ya kushukia na mwanafunzi ndo aliachwa upande ambao hakuna aliyemkumbuka.

Na msifanye kwa moto mbaya tu. Moto uliozimika vizuri ndo hatari zaidi kwa mafunzo, kwa sababu kuna siku mmefanya madudu matupu halafu manyunyu yakashuka saa kumi na moja jioni mkarudi mnapiga makofi.

## Hatua ya 3: Duara, kofia chini, ramani kwenye udongo

Kaeni duara, wote chini. Hakuna meza kuu, hakuna kiti cha mgeni rasmi, hakuna "naomba nisimame kwa niaba ya". Kwenye vikosi vya kijeshi tunavua kofia, maana alama za cheo zinaongea kabla ya mwenye nazo.

Mwendeshaji anachora. Mstari huu ni korongo, jiwe hili ni gari, majani haya ni sehemu iliyowaka saa sita, fimbo hii ni upepo. Kila mtu aweke jiwe lake alipokuwa.

Inaonekana kama mchezo wa watoto, najua, ila ina kazi mbili. Kwanza watu wanaanza kuongea na udongo badala ya kuongea na afande, macho yanashuka chini na ulimi unafunguka. Pili mnagundua vitu ambavyo hakuna aliyevijua, mfano mawe matano yamerundikana kushoto, na kulia ambako moto ulikuwa unaelekea kuna jiwe moja.

## Hatua ya 4: Aliyeongoza aanze na kosa lake mwenyewe

Hii ndo hatua ambayo ikikosekana mengine yote ni kupoteza muda.

Dakika mbili. Kosa la kweli, la siku hiyo, lenye maelezo. Sio "mimi kama binadamu nina mapungufu yangu", hiyo ni hotuba. Kosa linasikika hivi: "Niliwatoa watu saa tano bila kuwapa maji ya ziada kwa sababu niliamini tutamaliza kabla ya saa saba. Saa nane tulikuwa bado juu na galoni mbili. Hilo ni langu."

Halafu unanyamaza, na unabaki kimya mpaka mwisho.

Sababu ni rahisi. Vijana wetu wamelelewa kwamba mkubwa hakosei, na akikosea hasemwi. Huwezi kuwaambia "kuweni huru" wakawa huru, hiyo wameisikia tangu darasa la kwanza na aliyekuwa huru alichapwa. Wanasubiri kuona kitakachompata mtu wa kwanza kukiri kosa, kwa hiyo huyo mtu wa kwanza uwe wewe. Wahenga walisema mkubwa jalala, basi kubali kutupiwa.

Onyo: usichague kosa dogo la kupendeza. "Kosa langu ni kwamba ninawapenda sana" nimelisikia kwa masikio yangu, na watu walipiga makofi, na kikao kilikufa hapo hapo.

## Hatua ya 5: Maswali manne, mdogo aanze

Haya maswali yalitoka jeshi la Marekani, wazima moto wa misitu wa kule wakayachukua, na yamesambaa kwa sababu hayahitaji elimu yoyote:

1. Tulipanga nini?
2. Kilitokea nini hasa?
3. Ilikuwaje tofauti ikatokea?
4. Moto ujao tunafanya nini tofauti?

Aanze mwenye cheo cha chini au mgeni kabisa kwenye kikosi, mpande juu, kiongozi wa moto awe wa mwisho. Mkubwa akianza, wanaofuata wote watasema "naungana na aliyetangulia". Swali la 1 na la 2 msikae sana. Nusu ya muda mzima iende kwenye la 4, na hapo ndo wengi mnakosea, mnatumia dakika 35 kubishana nani alikuwa wapi halafu la mwisho mnalimaliza kwa "tuongeze umakini".

Nikupe mfano wa kwangu. Shamba la miti nyanda za juu kusini, silitaji jina, miaka kadhaa nyuma, na kiongozi nilikuwa mimi. Kundi la kulia lilitakiwa lifyeke mpaka kwenye jiwe kubwa lisubiri. Halikusubiri, liliingia juu ya korongo, saa nane upepo ukageuka na moto ukapanda lile korongo kama umemwagiwa petroli. Waliponea chupuchupu, wakakimbilia sehemu iliyokwishaungua wakakaa kwenye majivu. Nilikuja kwenye kikao nimejaa hasira, kichwani nimeshaandika barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Ikawa hivi:

Mwendeshaji: Dogo, upande wenu mlipanga nini?

Kijana: Tufyeke mpaka jiwe, tusubiri.

Mwendeshaji: Ikawaje?

Kijana: Tulifyeka. Hatukusubiri.

Mwendeshaji: Pale kwenye jiwe mliona nini, mlisikia nini, mpaka mkaona ni sawa kuendelea?

Kijana: Moto ulikuwa umelala, upepo hamna. Na kwenye simu ya upepo tukasikia "songeni".

Mimi: Hakuna aliyewaambia msonge!

Mwendeshaji: Afande, zamu yako bado.

Mzee wa kundi la kushoto: Samahani afande. Ile "songeni" tulikuwa tunaambiwa sisi.

Kimya. Ile sauti ilikuwa yangu. Nilisema songeni bila kutaja kundi, makundi mawili yanasikiliza masafa yale yale, na mimi nilikuwa nakaribia kumwadhibu kijana kwa kutii amri yangu.

Mwendeshaji asingenizuia pale nisingejua mpaka leo. Ndo maana nasema asiwe wewe, na awe mtu mwenye uwezo wa kukuambia subiri.

Utajua umefanikiwa: mtu wa chini amesema kitu ambacho kiongozi hakukijua. Kama kikao kimeisha na kiongozi hajashangaa hata mara moja, hicho hakikuwa kikao.

## Hatua ya 6: Acha "kwa nini", uliza "ilikuwaje mpaka"

Kwa Kiswahili chetu "kwa nini ulifanya vile?" sio swali, ni mwalimu ameshika fimbo. Mtu akiulizwa hivyo anajitetea au anaomba msamaha, na vyote viwili havikufundishi kitu.

Badilisha. "Ilikuwaje mpaka ikaonekana ni sawa?" "Wakati ule uliona nini?" "Ungehitaji kujua nini ili uamue tofauti?" Sasa mtu anakurudisha alipokuwa, anakuonyesha moto kama alivyouona yeye na sio kama mnavyouona nyie mkiwa mmeshiba chini ya mti.

Halafu endelea kuchimba mpaka utoke kwa mtu ufike kwenye utaratibu. Kwa ule moto wangu: walisonga kwa sababu walisikia songeni. Walidhani ni yao kwa sababu hatutaji makundi. Hatutaji makundi kwa sababu siku zote tulikuwa kundi moja, msimu ule ndo tuligawanywa mawili na hakuna aliyefikiria kwamba lugha ya redioni nayo inabidi ibadilike. Halafu kuna lingine, hakukuwa na mtu juu ya kuangalia upepo, kwa sababu aliyepangwa alishushwa kuja kubeba maji, kwa sababu maji hayakutosha, na kosa la maji ni langu, ndo lile la Hatua ya 4.

Umeona? Hakuna mzembe hata mmoja kwenye huo mnyororo, na bado watu watano nusura waungue.

Mkifika kwenye "tatizo ni uzembe" mjue mmeacha kuchimba mapema. Wala msiseme "mngejua". Hawakujua, na kazi yenu ni kutafuta kwa nini hawakujua.

## Hatua ya 7: Ukurasa mmoja, na mabadiliko yasiyozidi mawili

Kwenye kaunta buku, kabla hamjanyanyuka. Haya ndo yetu ya siku ile, unaweza kunakili muundo:

Mazingira: nyasi kavu za goti, korongo linalopanda, saa nane mchana, upepo uligeuka kutoka kusini kwenda kupanda mlima.

Kilichotokea: kundi la kulia lilipita alama ya kusubiri baada ya kusikia amri ya kundi jingine.

Kilichotuponya: sehemu iliyoungua ilikuwa karibu, hatua kama 40, na mmoja aliikumbuka.

Tunabadilisha: (1) kila amri inaanza na jina la kundi, na kundi linairudia kabla ya kutii, lisiporudiwa haijatolewa. (2) Mwangalizi wa upepo hashushwi kwa kazi yoyote bila mwingine kupanda kwanza.

Nani, lini: kiongozi wa zamu, zoezi la redio Ijumaa.

Hakuna majina ya waliokosea. "Kundi la kulia" inatosha.

Kwa nini mawili tu? Kwa sababu nimeona madaftari yenye maazimio 17, yameandikwa vizuri kwa wino wa bluu, na hakuna hata moja lililotekelezwa. Pia angalia maneno. "Kuongeza mawasiliano" sio badiliko, huwezi kumkuta mtu anaifanya. "Kundi linarudia amri" unaweza kulisikia kwa masikio.

Hiyo sehemu ya kilichotuponya msiiruke. Watu wanadhani kujifunza ni kuorodhesha makosa, kumbe yule kijana aliyekumbuka majivu alikuwa anajua kitu ambacho wenzake wanne hawakukijua, na hicho nacho kinafundishika.

## Hatua ya 8: Ndani ya siku saba, warudishie jibu

Hapa ndo vikosi vingi vinakufa kimya kimya. Watu wamesema ukweli, wamejianika, halafu wiki, mwezi, kimya. Kikao kijacho hawasemi tena na wana haki.

Siku saba. Kama badiliko liko ndani ya uwezo wako, lifanye na waone. Kama linahitaji hela ya juu, peleka, halafu rudi useme umepeleka lini na umejibiwa nini, hata kama jibu ni hapana. "Mabuti tumenyimwa, kwa hiyo mpaka yapatikane wasio na mabuti hawaingii kwenye visiki, wanabaki kwenye barabara ya kuzuia moto" ni jibu la heshima.

Halafu ukurasa usambae kwa vikosi jirani. Marekani wana kituo kizima cha kazi hii tangu 2002, ukurasa wa kikosi kimoja unasomwa na nchi nzima. Sisi tuna WhatsApp, na inatosha: piga picha ukurasa, au rekodi sauti ya dakika mbili kwa wale ambao kusoma ni kazi. Onyo: usitume picha ya mtu aliyeumia, wala majina, wala maneno ya vijembe kuhusu kijiji gani kilichoma. Ukituma hivyo mara moja tu, hakuna atakayekuambia kitu tena.

Na jiandae kwa jambo moja litakalowatisha wakubwa wako. Hii ikianza kufanya kazi, taarifa za chupuchupu zitaongezeka. Mwanzo wa msimu zilikuwa mbili, mwisho wa msimu 11, na bosi atauliza mbona mmekuwa wazembe. Mwambie mapema: zilikuwepo zote, zilikuwa zinaishia kwenye gari.

## Hatua ya 9: Zoezi la dakika tano kila asubuhi

Fupi. Kabla hamjatoka, fungueni ukurasa mmoja wa zamani, mmoja asome, halafu kila mtu ajibu vitu vinne kwa eneo la leo: nani anaangalia, tunawasilianaje, tunakimbilia njia zipi, na sehemu salama ni ipi. Hivi vinne alivipanga Paul Gleason, mzima moto wa misitu Marekani, mwaka 1991, na sijaona kilichovizidi kwa kukumbukika. Njia ya kukimbilia iwe zaidi ya moja, na iwe imetembewa kwa miguu, sio kuonyeshwa kwa kidole.

Anayeshindwa kujibu hata kimoja asichekwe. Ina maana kiongozi hajaeleza.

## Hatua ya 10: Kabla ya kiangazi, rudini mlikoponea

Hii tunaiita darasa la eneo. Mwezi wa tano au wa sita, chukua kikosi kizima, hasa wageni, mwende mahali moto wa zamani ulipowageuka. Tembeeni kuanzia mwanzo kwa mpangilio wa siku ile. Kila kituo simama, wape taarifa zile tu zilizokuwepo wakati ule, halafu uliza: wewe ungeamua nini hapa? Usiwaambie mwisho mapema. Wakijua mwisho wote wanakuwa mabingwa.

Kwenye mteremko wafundishe na namba moja ya kukaa kichwani: mwinamo ukiongezeka nyuzi 10, moto unaopanda unakimbia karibu mara mbili. Waache wajaribu kupanda wakikimbia na fyekeo mkononi, wenyewe watapata jibu.

Na hapo ndo pa kuwasimulia Mann Gulch, Montana, tarehe 5 Agosti 1949. Wazima moto wanapanda mlima kwenye nyasi kavu, moto uko nyuma yao. Kiongozi wao Wagner Dodge anawasha nyasi mbele yake, anaingia kulala kwenye majivu ya moto wake mwenyewe, anawaita wenzake waingie. Hakuna aliyemfuata. Yeye akapona, wawili wakapona kwa kufika kwenye miamba, 13 wakafa. Usiwaulize vijana kwa nini hawakumsikiliza. Waulize ilikuwaje mpaka mtu mwenye akili timamu akamwona kiongozi wake anawasha moto na kukimbia zaidi. Waache wabishane. Watafika wenyewe kwamba mbinu ambayo kikosi hakijawahi kuisikia huwezi kuifundisha miali ikiwa mgongoni, halafu waulize ni kitu gani wewe unakijua ambacho hujawahi kuwaeleza wao.

Sisi huwa tunaenda kwenye lile korongo letu. Jiwe kubwa bado lipo, nyasi zimeota upya, huwezi kujua kama kuna kitu kilitokea. Msimu uliopita kijana mgeni alisimama pale juu, akaangalia chini, akanigeukia: "Kwa hiyo mzee, aliyesema songeni ndo wewe?"

Nikamwambia ndio, ni mimi. Akaandika kwenye daftari lake, tukaendelea kushuka mpaka kituo kinachofuata.